Mkono wa Bwana Shamba

Nazi kubwa ambayo haijafuliwa, yenye makumbi yake yote, mtu wa kawaida huibeba kwa mikono miwili au huibana kwapani. Yeye aliishika kwa juu, kwa vidole, kama mtu anavyookota limau, akaenda nayo huku anaongea, mkono unaning'inia. Hilo ndilo jambo la kwanza watu wa Msimbu walilolizungumza alipoletwa kwetu. Hawakuzungumza elimu yake wala chuo alichotoka. Walizungumza mkono. Kina mama walisema ukipigwa kofi na mkono ule, unazikwa bila kuoshwa. Lakini kwa miaka yote niliyomjua hakumpiga mtu, na sijui kama aliwahi hata kuua nyoka.

Tulimwita Bwana Shamba, maana ndiyo kazi iliyomleta. Kabila lake tulilijua siku ile ile: Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo, na mtani haachi kujitangaza. Jina pia alikuwa nalo, ila silitaji. Yu hai, ana haya zake, wala hakuniomba nimwandike.

Mimi watu wa Kibaha wananijua. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza na baiskeli ya kubebea mkaa, haina breki, naisimamisha kwa kisigino. Leo nina malori mawili na nyumba ya matofali ya kuchoma, na ukifika Maili Moja ukauliza kwangu, hata mtoto atakuonyesha. Sikurithi, sikupendelewa, sikuoa binti wa mkubwa. Kwa hiyo si mwepesi wa kusifia watu. Nikikwambia fulani alikuwa mtu, ujue nimempima kwanza. Huyu nimempima miaka mingi, na kuna mahali mizani yangu ilikwama.

Mara ya kwanza kumwona sikujua kama ni yeye. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na mimi nilikuwa Dar es Salaam nikibeba magunia sokoni, kijana mwenye shingo kama ya fahali. Jumapili moja nikasikia kelele kwenye uwanja wa saruji, nikasogea. Vyuo vilikuwa vinashindana mpira wa kikapu. Mchezo wenyewe nilikuwa siujui; nilicheka nilipoona watu wazima wanagombania kutia mpira ndani ya wavu uliotoboka chini.

Nikaacha kucheka nilipomwona mmoja. Mrefu, mweusi tii, kaptura nyeupe, raba nyeupe. Alikuwa anatoka chuo cha kilimo cha bara. Mpira aliudunda chini kabisa, karibu na kifundo cha mguu, na mtu mrefu vile, ukajiuliza anaufikiaje. Halafu anaruka. Anapanda juu, wenzake wanarudi chini, yeye bado yuko kule. Wanafunzi wa chuo chake walikuwa na wimbo mmoja tu, neno moja: "Mpe! Mpe! Mpe!" Maana yake mpe yeye mpira, mengine yatajipanga. Na kweli, alipopewa, alifunga. Alifunga akiwa amesimama, akiwa anaanguka, akiwa amewapa mgongo. Wazee waliokuwa wamekaa kwenye viti, wenye kalamu mifukoni, waliokuja kuchagua vijana wa timu ya taifa, walikuwa wanapigana viwiko.

Mwisho wa mchezo timu yake ilikuwa nyuma kidogo, goli moja linatosha. Mpira akapewa. Uwanja mzima tukasimama. Watatu wakamzunguka, lakini nani aliwajali watatu? Tulishamwona akiwapita. Akaruka, mkono ukapanda na mpira juu ya vichwa vyote, na pale angani, badala ya kutupa, akauteremsha mpira pembeni kwa kijana mfupi aliyekuwa amesimama peke yake chini ya kapu. Yule mfupi hakutegemea. Akaudaka kwa kifua, akautupa, ukazunguka kwenye pete, ukatoka nje. Filimbi.

Sijawahi kusikia watu wakimtukana mtu wao kama siku ile. Waliokuwa wanaimba "Mpe" ndio waliokuwa wa kwanza. Yeye alikwenda akamwinua yule mfupi, aliyekuwa amekaa chini kajifunika uso, akamfuta vumbi mgongoni, wakatoka pamoja.

Niliporudi Msimbu miaka ikapita, nikaoa, nikaanza biashara ya mkaa. Siku moja akaletwa Bwana Shamba mpya na gari ya wilaya. Alipoishika ile nazi, nikaujua mkono.

Nikamfuata. "Wewe si yule wa mpira wa kapu? Ulimpa mpira yule mfupi?"

Akanitazama, kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyekutwa na mdai wake wa zamani. "Hata huku mmefika?"

"Kwa nini ulimpa?"

"Nilimwona mwenzangu."

"Lakini alikosa!"

"Alikosa. Lakini yeye alikuwa peke yake, na mimi nilikuwa na watu watatu. Hata leo ningempa."

Nilimwambia pale pale kwamba mimi ningetupa mwenyewe, na kama ni kukosa nikose mwenyewe. Akasema, "Ndiyo maana wewe utatajirika." Hakusema kwa ubaya. Na ilikuwa kweli.

Baadaye, kidogo kidogo, nilipata kujua mengine. Wale wazee wenye kalamu walimchukua pamoja na yote yaliyotokea. Alikaa kambini na timu ya taifa, akavuka mpaka mara moja kwenda kucheza kwa majirani, na huko, nasikia, watu wa nchi ile walimshangilia kuliko wa kwao. Kiwanda kimoja cha mjini kilichokuwa na timu yake kikataka kumwajiri, kazi ya kukaa kwenye kivuli, asubuhi ofisini, jioni uwanjani. Akakataa. Nilimuuliza kwa nini, maana mimi kazi ya kivuli sijawahi kuikataa, sijawahi tu kuipata. Akasema, "Nchi imenisomesha kilimo. Haikunisomesha kuruka." Ndivyo walivyokuwa wanaongea vijana wa wakati ule, na wengi walikuwa wanaongea tu. Huyu alikuja Msimbu.

Alikuja na mpira mmoja na zile raba. Raba alizitundika msumarini ukutani, na kila Jumamosi alizipaka chokaa zikang'aa, hata kama wiki nzima hazikuvaliwa. Mtu huyu angekupa shati lake ukilisifia. Baiskeli yake ya serikali ilipandwa na kijiji kizima mpaka ikapinda. Lakini raba zile hakuna aliyeruhusiwa hata kuzigusa. Mkewe alinambia siku moja, akitania, "Ningekuwa raba, ningekuwa na bahati." Nilicheka. Sikujua wakati ule kwamba nacheka kitu gani.

Uwanja wake ndio kisa ambacho mpaka leo watu wa Msimbu wanakipenda. Siku ya kazi ya kijiji alituambia tusawazishe mahali nyuma ya ofisi, tubomoe vichuguu viwili, tuponde ule udongo, tuumwagie maji na kuushindilia mpaka ung'ae kama sakafu. Tukafanya. Akatuambia tusimamishe nguzo mbili za mnazi, moja huku, moja kule. Tukasimamisha. Hakuna aliyeuliza. Bwana Shamba akisema sawazisha, unasawazisha; na sisi wote tulielewa vizuri kabisa kwamba serikali hatimaye imetuletea mahali pa kuanikia korosho, na nguzo ni za kutundikia mizani. Msimu ulipofika, kina mama wakaja na matenga yao, wakamwaga, wakatandaza, uwanja wote ukajaa korosho.

Yeye akatokea jioni, mpira kwapani, raba nyeupe miguuni. Akasimama pale pembeni. Mama mmoja mjumbe wa nyumba kumi akamwendea, akapiga goti. "Ahsante sana, Bwana Shamba. Mvua za mwaka jana zilituozeshea zote. Mwaka huu hatulii."

Mimi nilikuwepo. Nilimwona akiutazama uwanja, akamtazama yule mama, akauhamisha mpira nyuma ya mgongo. "Karibuni," akasema. "Mgeuze mara kwa mara."

Alingoja mpaka korosho ya mwisho imeokotwa. Ndipo akafunga mapakacha mawili yaliyokatwa matako kwenye zile nguzo, na watu wakajua. Utani ulioanza siku hiyo haujaisha.

"Mnyamwezi we, umeona wapi kapu lisilo na tako?"

"Ndiyo raha yake, mtani."

"Raha gani? Ukitia kitu, kinatoka! Ndiyo maana kwako hakukai kitu!"

Naye anacheka mpaka meno ya mwisho. Tangu hapo ikawa sheria isiyoandikwa: msimu wa korosho uwanja ni wa kina mama, ukiisha ni wa vijana. Aliwafundisha pekupeku. "Usitazame mpira," aliwaambia. "Mpira hauna macho. Watazame watu." Vijana wa sekondari ya Kibaha walikuja mara moja, wamevaa sare, na mwalimu wao mwenye filimbi. Korosho zilikuwa zimefagiliwa asubuhi ile ile, kwa haraka, na za pembeni zikabaki. Wetu walijua pa kukanyaga. Wageni walikuwa wanateleza kama wako kwenye mlenda. Mwalimu wao akalalamika kwamba uwanja una mawe. "Si mawe, Ndugu," Bwana Shamba akamjibu, uso mkavu, "ni zao la biashara." Halafu akawaita vijana wake, akawaamrisha waokote zote, wakaanza mchezo upya. Tukafungwa. Nilimkasirikia wiki nzima.

Usidhani alikuwa mlegevu. Kwenye shamba alikuwa mtu mwingine. Majani chini ya mkorosho hakuyavumilia. Baba yangu mdogo, mtu mzima mwenye mvi, Bwana Shamba alimsimamia juani mpaka akapalilia miti yake yote, na tofauti yake na wakubwa wengine ni kwamba alipalilia naye, ile mikono inamaliza kung'oa mistari miwili wakati mzee hajamaliza nusu. Kwenye bao pia hakuwa na huruma. Alikula kete za wazee bila haya, hajui mwenzangu wala nani. Nilimuuliza kwa nini kwenye bao haoni mwenzake. Akasema, "Bao mpo wawili tu. Anayekutazama ni adui." Nikamwambia basi maisha ni bao. Akatikisa kichwa.

Watu walipohamishwa kutoka kwenye mashamba yao kuja kukaa pamoja kijijini, miaka ile ya magari na vilio, yeye ndiye aliyeagizwa kupima viwanja. Wengi walimchukia, na sikuwalaumu. Mtu anaacha minazi ya babu yake, anaonyeshwa kigingi. Ikaja familia moja yenye bibi asiyeona, mvua imeanza, nyumba hawana. Bwana Shamba akawapa nyumba yake. Nyumba ya serikali, ya bati. Yeye na mkewe wakahamia ghala la mbolea. Nilikwenda kuwaona. Harufu ilikuwa inakata macho. Mkewe alikuwa anafagia, kajifunga kanga puani.

"Mama, mnalala hapa?"

"Si unaona?"

"Alikuuliza?"

Akaacha kufagia. "Aliniambia," akasema. "Kuambiwa ni kitu kingine."

Huyu mkewe alikuwa wetu, wa Mlandizi, watu wa mashamba ya kando ya Ruvu. Alimpenda yule mtu, hilo lazima niliseme. Alimpenda kwa sababu ile ile iliyokuja kumtesa. Watoto hawakuwa nao. Kila mwanamke kijijini alikuwa Mama Fulani, yeye akaitwa Mama Shamba, kama vile amezaa mihogo. Mimba ya kwanza ilitoka bado changa. Ya pili ikashika. Ikakua. Mganga mkuu wa Kisarawe akasema asingoje uchungu umkute Msimbu, aende mapema akakae karibu na hospitali. Gari ya wilaya ikaja kumchukua, Landrova yenye sehemu ya wazi nyuma. Kiti cha mbele, kando ya dereva, kiliwekwa mto kabisa kwa ajili yake.

Mimi nilikuwa nimeomba lifti, nimekaa nyuma juu ya magunia. Ndiyo maana ninayoyasema nimeyaona.

Hatujatoka kijijini, mwanamke akatokea mbio na mtoto mikononi, mtoto ana degedege, macho yamegeuka, na nyuma yake bibi yake anakuja anahema. Dereva akasimama. Bwana Shamba akateremka. Hakufikiri, nathubutu kusema hivyo kwa kuwa nilikuwa namtazama usoni. Alimgeukia mkewe, akamshika mkono kwa upole, akamteremsha kutoka kwenye mto wake, akawaweka yule mama na bibi na mtoto. Kisha akampandisha mkewe nyuma, akamkalisha kwenye magunia kando yangu, akapanda na yeye. Ile njia mnaijua. Ilikuwa mifereji mitupu. Na yeye, kwa ajili ya mtoto wa mbele, alikuwa anagonga paa la gari kwa ule mkono, "Ongeza mwendo! Ongeza mwendo, ndugu yangu!" Mkewe alikuwa amejikunja, ameshika chuma kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine. Macho yake yalikuwa kwenye ule mkono unaogonga.

Mtoto wa degedege alipona. Leo ni kijana, ana masharubu. Mtoto wa Bwana Shamba alizaliwa usiku wa pili yake, kabla ya wakati, hakulia. Baada ya hapo daktari akawaambia wasitegemee mwingine.

Kama ni njia, kama ni amri ya Mungu, mimi sijui, na daktari hakusema. Kijijini hakuna aliyemlaumu, maana ungemlaumuje? Ungemwambia amwache mtoto wa watu afe? Kila mtu aliyetaka kusema alikuwa akimwona yule mtoto anakimbia uwanjani na wenzake, anafunga mdomo. Mkewe naye alikuwa akimwona. Kila jioni.

Hapo ndipo mizani yangu ilipokwama. Kabla ya siku ile nilikuwa nikisema ni mjinga mwenye moyo mzuri. Baada yake sikujua niseme nini. Nilimuuliza mara moja tu, tukiwa shambani kwake, majani yameota hata yeye hayaoni. Nikasema, "Mtani, siku ile." Akaendelea kulima. Baadaye sana akasema, "Nilimwona yule mtoto." Hakuongeza. Raba zake hazikupakwa chokaa tena. Zikawa rangi ya ukuta.

Ofisi za mkoa zilipohamia Kibaha, akaitwa huko. Cheo, nyumba, umeme, hospitali mlangoni. Mkewe alifunga vitu siku tatu mfululizo akiimba, watu wakashangaa, walikuwa wamesahau kwamba ana sauti. Siku ya kuondoka Bwana Shamba akarudi kutoka Kisarawe, akakaa kizingitini. Nafasi ile, akasema, amemwachia mwenzake wa Maneromango. Mwenzake ana mke anayeumwa kifua, anahitaji hospitali. "Nilimwona mwenzangu," akamwambia mkewe.

Mkewe hakulia. Alifungua furushi moja, akatoa sufuria na vyombo vya mumewe, akavipanga mahali pake. Furushi la pili, lenye nguo zake, hakulifungua. Akajitwisha, akaenda kwao Mlandizi.

Akakaa huko. Talaka hakuomba, na hakupewa. Bwana Shamba alikuwa anapika mwenyewe, anafua mwenyewe. Kijiji kikatafuta utani wa kumtania, kikakosa.

Mwisho alihamishiwa Kibaha vilevile, bila kuomba, wakati magoti yameshakwisha. Wachezaji, magoti yao huzeeka kabla ya nywele. Yeye vyote vilizeeka pamoja. Mimi nilikuwa nimeshahamia huko, nimeshakuwa mtu. Ilikuwa miaka ile ya foleni, dizeli ya kubembeleza, sabuni ya kupanga mstari, na lori langu lilikuwa linatembea wakati ya wenye shahada yamelala juu ya mawe. Siku moja akaja uani kwangu na fimbo. Akasimama kando ya lori, akaweka ule mkono juu ya boneti.

"Mtani," akasema, "unajua kusema mbele za watu."

"Hilo hata maadui wangu hawakatai."

"Nataka uwe mshenga wangu. Twende Mlandizi."

Kwetu mwanamume haendi mwenyewe kumrejesha mke. Anapeleka mshenga wa kumsemea, na yeye, akiwepo, anakaa karibu na mlango, kimya, kama mshtakiwa. Tulikwenda. Mjomba wa yule mke alitupokea, mzee mwembamba mwenye kofia ya kushonwa, na mtani anapomwona mtani hata msibani hajizuii.

"Shikamoo, mzee," tukasema.

"Marahaba. Naona Mnyamwezi amekuja kubeba mzigo, kama babu zake."

"Ndiyo maana tumekuja na lori, mzee," nikajibu. "Babu zake hawakuwa na rafiki kama mimi."

"Safari hii mzigo una miguu. Usipotaka kubebwa haubebwi."

Tukacheka, kisha tukaacha kucheka. Nikasema yangu, na nilisema vizuri, wazee wawili walikohoa kwa kuridhika. Mjomba akaita, mke akatoka, akakaa kwenye mkeka, uso chini. Alikuwa amekonda.

"Mwanangu, alikupiga?" mjomba akauliza.

"Hapana."

"Alikutukana?"

"Hapana, mjomba."

"Alikunyima chakula? Alikuletea mwanamke?"

"Hapana."

"Basi kosa lake ni nini, tulijue?"

Kuku akapita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza. Halafu akasema, hakuinua sauti, "Huyu bwana anawaona watu wote. Mimi hanioni."

Nikafungua mdomo nijibu, ndiyo kazi ya mshenga. Pale mlangoni Bwana Shamba akasema, "Ni kweli."

"Mume hasemi hapa!" mjomba akamkemea.

"Najua, mzee. Nimesema."

Mjomba akamtazama muda, akamtazama mpwa wake. Mke akaitikia kwa kichwa kidogo: atakwenda. Mzee akaninyooshea kidole mimi, siyo yeye. "Mchukueni. Lakini akirudi hapa tena na furushi, msilete mshenga. Leteni talaka."

Tulimweka mbele, katikati, furushi mapajani. Mumewe akakaa dirishani. Mimi nikashika usukani wangu.

Hatujatoka Mlandizi, kando ya barabara ya Morogoro, mzee mmoja akatupungia mkono kwa nguvu. Mguu wake umefungwa matambara mpaka gotini, matambara yameloa usaha. Amesimamia fimbo. Nikapunguza. Naapa nilitaka nipite, kwa mara ya kwanza nilitaka nimpite mgonjwa, kwa sababu nilijua kitakachotokea. Bwana Shamba akasema, "Simama."

Mzee akasogea kwenye dirisha. "Hospitali ya Kibaha, wanangu. Mguu umenioza. Nyuma siwezi kupanda."

Na yule mwanamke, bila kuambiwa, akaanza kukusanya kanga yake. Alishalikamata furushi. Mguu wake ulikuwa umeshavuka magoti ya mumewe kutafuta mlango. Alifanya hivyo jinsi mtu anavyofuta meza baada ya kula, bila uso wowote, na mimi nikatazama mbele barabarani maana sikutaka kuuona.

Bwana Shamba akaweka ule mkono juu ya furushi. Ulilifunika lote.

"Kaa," akamwambia.

Akafungua mlango, akateremka, magoti yakalia kama kuni. Akamshika yule mzee kiunoni, akampandisha taratibu, akamkalisha dirishani, pale alipokuwa amekaa yeye.

"Na wewe, mwanangu?" mzee akauliza. "Si huyu mama angekaa nyuma, wewe na fimbo hiyo?"

"Kaa hapa pangu, mzee," akasema. "Pale pana mwenzangu."

Akafunga mlango. Nikasikia anapanda nyuma. Alijaribu, akashindwa, akajaribu tena. Mtu niliyemwona akisimama angani juu ya vichwa vya watu watatu. Kisha akagonga paa, mara moja, kwamba tayari.

Nikatia gia, nikaondoka. Mzee wa mguu alikuwa anashukuru, anataja Mungu. Yule mwanamke hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amegeuka anatazama kidirisha cha nyuma, na kwenye kidirisha, nilipotupa jicho, nikaona tu mkono, umeshika chuma, vidole vimeenea.

Mbele barabara ilikuwa imeanza mashimo. Akanigusa begani.

"Nenda polepole," akasema. "Nyuma kuna mtu."